Mapenzi Yenye Risiti

Tumpe heko baba wa Mbagala. Anatoka saa kumi na moja alfajiri, foleni inamrudisha saa nne usiku, na mwanawe hakosi kitu: baiskeli, kishikwambi, gari la rimoti linalopiga honi kuliko daladala. Jumapili? Ana kikao, pale pale penye nyama choma. Wazee wetu, washamba wale, walikaa barazani wakiwategea watoto vitendawili. Bure kabisa! Sasa mapenzi yasiyo na risiti ya EFD utayathibitishaje?

Juzi mtoto kachelewa kulala, wakakutana mlangoni. "Shikamoo, anko." Baba kafurahi mno, adabu hiyo hainunuliwi. Kesho yake, Kariakoo, akachukua baiskeli ya pili.