Gunia Lina Mamoja Mangapi?

Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, mzazi wa Kenya amekuwa mwanafunzi asiyevaa sare. Huku kijijini Ndabibi tumeshatafutia watoto maboksi, magazeti makuukuu na mbegu za kila rangi. Sasa mjukuu wangu wa Gredi ya Kwanza amerudi na agizo jipya: njiti mia moja zinazotoshana, pamoja na mipira ya kufungia noti. Ufagio wa nyanya yake ukajiunga na shule. Nyanya siku hizi anafagia kwa hasira tu.

Nilipendekeza vizibo vya soda, vipo tele. Mjukuu akanihurumia.

"Guka, vizibo utavifungaje?"

Kumbe hesabu yote iko kwenye ule mpira! Njiti kumi zikifungwa zinakuwa kitu kimoja, kinahamia kushoto, kwenye chumba cha makumi. Zilizobaki bila kufungwa hukaa kulia, kwenye mamoja. Mafungu matatu na njiti nne ni 34. Ukitaka kutoa 7, njiti nne hazitoshi, basi unafungua fungu moja, unapata kumi na nne, kazi inaendelea. Mtoto asiyezoea kufunga na kufungua ukimwambia aandike ishirini na tano, huenda akaandika 205: ishirini kwanza, kisha tano. Walimu wa watoto wadogo wanalijua sana kosa hilo. Mimi naomba limpate anayenilipa pesa za viazi.

Na mwalimu sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na sisi wakubwa. Tunamwapia mtoto kwamba fungu ni kumi, halizidi wala halipungui, halafu tunamtuma dukani. Mayai, trei ya 30. Soda, kreti ya 24. Unga, bale la pakiti 12. Mahindi, gunia la kilo 90. Gorogoro, mkebe wa kupimia maharagwe, ndiyo usiseme: inategemea kitako kimebonyezwa ndani kiasi gani. Anayeheshimu kumi hapa kijijini ni kanisa peke yake, na hata hilo linaifuata ile moja ya zaka.

Viazi ndivyo balaa lenyewe. Kanuni za mwaka 2019 zilisema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Broka anafika shambani na lumbesi: gunia limejaa pomoni, juu limeshonewa kofia ya wavu, kofia nayo imejazwa hadi inainama. Lote hilo analiita gunia moja na kulilipa kama moja. Ukinung'unika, anakukumbusha kwamba viazi vinaoza na lori linaondoka.

Safari hii mjukuu alikuwepo. Akalizunguka gunia, akainua kidole kwenye kofia.

"Guka, fungu limeshajaa. Hivi vya juu ni mamoja. Mbona havijahesabiwa?"

Vibarua wakaacha kupakia. Broka akacheka kicheko kisichofika machoni, akampa sarafu ya shilingi kumi akanunue peremende. Mtoto akaigeuza, akaikagua pande zote.

"Asante. Hii ni kumi moja. Na za kofia?"

Broka akanigeukia, akauliza huyu mtoto anafundishwa nini huko shuleni. Nikamwambia ashukuru Mungu, bado hawajafika kwenye mamia.