Namna ya Kukutana na Papa Ukitokea Shasha

Hatua ya kwanza ni kuondoka Shasha, kijiji chetu kando ya Ziwa Kivu. Hata ukikesha majini na wavuvi wa sambaza mpaka taa zao zizimike, papa hutamwona. Ziwa Kivu halina papa, wala mamba. Kinachoua kwetu hakina meno: ni mazuku, ile hewa nzito ya kaboni dioksidi inayolala mabondeni upande wa Sake na Goma, ikaangusha mbuzi, kisha na mwenye mbuzi aliyeinama kumwokoa. Ziwani pia, kwenye kina cha zaidi ya mita 260, imeyeyuka methani ipatayo kilomita za ujazo 60, na kaboni dioksidi mara tano ya hiyo. Kwa hiyo mtu wa Shasha anaingia baharini akiwa tayari na elimu bora: aogope hewa kwanza, samaki baadaye.

Nenda kisiwa cha Mafia, Tanzania, kati ya Oktoba na Februari. Mbele ya Kilindoni, papa potwe huja karibu na pwani kula uduvi. Hakuna samaki mkubwa kuliko yeye duniani. Anaweza kupita mita 12, ingawa wengi wa Mafia ni madume machanga. Chakula chake anakichuja majini. Mguu wako haumhusu. Vaa miwani ya kuzamia, shika mrija mdomoni, ingia majini polepole, kisha kaa mita 3 kutoka ubavuni mwake na mita 4 kutoka mkiani, maana mkia ndio unaoweza kukuumiza. Usimguse. Usimpandie mgongoni hata kama mwenye mashua anakuchekea.

Ukishamzoea, jifunze kutumia mtungi wa hewa, na ujifunzie hukohuko baharini. Uso wa Kivu uko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na hesabu za kuzamia zilizotungwa kwa ajili ya bahari hazitoshi huko.

Kanuni moja inazipita zote: usibane pumzi. Hewa uliyoivuta kwenye kina cha mita 10 inakuwa maradufu ukifika juu, na pafu halina nafasi hiyo. Mgeni akiona papa hubana pumzi na kukimbilia juu. Hapo anaweza kufa papa akiwa anapita zake. Ukimwona, endelea kuvuta na kutoa pumzi, mtazame, mwache apite.

Filamu ya Jaws ya mwaka 1975 iliifundisha dunia nzima kumwogopa papa. Ukweli umegeuka: watafiti walikadiria mwaka 2013 kwamba binadamu tunaua papa wapatao milioni 100 kwa mwaka, na tangu 2016 papa potwe yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Nyavu zinamnasa hata pale ambapo hakuna anayemwinda. Mimi nasema mwenye haki ya kuogopa katika mkutano huu ni yeye.

Safari ya kurudi ina hatari yake. Baada ya kuzamia na mtungi kwa siku kadhaa, nitrojeni hubaki mwilini, na ukipanda juu haraka inatoka kama mapovu ndani ya damu. Goma iko karibu mita 1,500. Subiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, hata kama tiketi imeshalipwa.