Pimbi na Daftari la Mahudhurio

Paliondokea kijiji cha wanyama wilayani Bunda, pale uwanda wa Ndabaka unapoteremkia Ghuba ya Speke. Mwenyekiti wake alikuwa Kiboko. Mtendaji alikuwa Mnandi, aliyehamishiwa hapo kutoka miamba ya Musoma, ndege mwenye mwandiko mzuri kuliko wote. Halmashauri ya kijiji ilikuwa na wajumbe 25, na Fisi alikuwa mmojawapo.

Bibi Pimbi alikaa juu, katika mawe ya mlima Balili, na hakukosa mkutano hata mmoja. Alikuwa na sababu. Siku ile wanyama walipogawiwa mikia mvua ilinyesha, naye akaona aheri abaki pangoni, awaagize wenzake wamchukulie wake. Wenzake walirudi jioni na mikia yao tu. Tangu hapo alijiapiza kwamba panapogawanywa kitu atakwenda mwenyewe. Kila baada ya miezi mitatu, mkutano mkuu ulipoitishwa, aliteremka na wanawe hadi chini ya mkuyu.

Mkutano wa Septemba ulikuta kiangazi kimekausha vidimbwi vyote, umebaki ufukwe peke yake. Ajenda zilikuwa tano. Muhtasari uliopita ulisemekana umepotea. Mapato na matumizi yalisomwa mbiombio hata Kanga, azoeaye kuhesabu punje mojamoja, hakuambulia kitu. Jua likapanda. Wenye watoto wakaanza kuondoka. Hapo ndipo ilipofika ajenda ya mwisho, mengineyo, na Kiboko akasema kwamba yupo ndugu kutoka Mto Grumeti, Bwana Mamba, anayeomba kushirikiana na kijiji katika kuendeleza ufukwe.

"Ufukwe upi, Mheshimiwa Mwenyekiti?" akauliza Mama Swala.

"Huo wa kunywea maji, mama. Lakini haya ni mazungumzo tu, hakuna kilichoamuliwa."

Daftari la mahudhurio likapita. Aliyekuwa na kwato akatia kwato, aliyekuwa na ukucha akatia ukucha. Bibi Pimbi akatia kidole chake, akapanda mlimani kabla ya giza.

Mwezi haukwisha, Mamba akazungushia ufukwe boma la miiba, akaacha upenyo mmoja. Mama Swala aliteremka na mwanawe kunywa maji. Alirudi peke yake.

Bibi Pimbi alipofika ofisini, Mnandi alimfungulia jalada. Muhtasari ulikuwa umepigwa muhuri: mkutano mkuu wa kijiji, kwa kauli moja, umeridhia kumpa Bwana Mamba ufukwe. Nyuma yake yalibanwa mahudhurio, na kidole cha Pimbi kilikuwa namba saba.

"Kidole hiki si chako, bibi?"

"Ni changu. Nilikitia kuonyesha kwamba nilikuja."

"Ulikuja, ukaridhia."

Nataka tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo panaponiuma. Mwananchi asiyehudhuria mkutano hulaumiwa kwa uvivu, na pengine lawama hiyo inamstahili. Huyu alihudhuria. Aliacha shughuli zake, akakaa juani, akasikiliza hadi mwisho, na kuhudhuria kwake ndiko kulikogeuzwa kuwa idhini ya jambo ambalo hakuulizwa. Anayefanya hivyo huiba ardhi, na pia humfundisha mtu mwaminifu kwamba usalama wake uko katika kubaki nyumbani. Kijiji kikishajifunza hilo, mwenye jalada hana haja hata ya kughushi.

Bibi Pimbi hakurudi pangoni. Alikwenda Butiama kwa Mzee Kobe, ambaye umri wake hakuna aliyeujua.

"Mwaka 1972," Kobe alisema, "halmashauri za wilaya zilifutwa, maamuzi yakahamia kwa maofisa wa mkoa na wilaya. Ziliporudi, kwa sheria ya 1982, wengi walikuwa wamezoea kuamuliwa. Mwalimu mwenyewe, mwana wa Butiama hii, alisema baadaye kwamba angeanza upya asingezifuta, wala asingeuvunja ushirika. Mtu mkubwa alilisema hilo hadharani. Sasa na sisi tuliorudishiwa tuulizane tunazitunzaje."

"Mzee, mimi nataka ufukwe."

"Naufikia. Mwaka uleule tuliomzika Mwalimu hapa, 1999, ilitungwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5. Halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi mpaka mkutano mkuu uwe umekubali kwanza. Na mkutano mkuu ni nyinyi wakazi wazima wote, si wale 25. Ndiyo maana wamekihitaji kidole chako. Bila nyinyi ile karatasi haina nguvu."

Akaomba asomewe orodha yote, taratibu, jina kwa jina. Pimbi alikuwa ameinakili usiku kucha. Kuanzia namba 40 majina yalikuwa ya aina moja: Nyumbu, Nyumbu, Nyumbu, kurasa sita mfululizo.

"Mkutano ulikuwa mwezi gani?"

"Septemba, mzee."

"Na Septemba nyumbu wako wapi?"

Pimbi akanyamaza, kisha akasimama. Nyumbu hupita upande huu wa magharibi ya Serengeti mwezi Mei na Juni, nyasi zikiwa bado zipo. Kufika Septemba wengi wamekwenda kaskazini, wanavuka Mto Mara kuingia Kenya. Mnandi alihitaji akidi, akawaandika waliopita njia miezi mitatu kabla.

Jalada lilipelekwa kwa Tembo, Mkuu wa Wilaya, naye akataka waliohudhuria waitwe kwa majina mbele yake. Walijitokeza 39. Tembo hakutoa hukumu ya ufukwe. Alisema ufukwe si wake, akaurudisha kwenye mkutano mkuu na kuagiza uwe ajenda ya kwanza, tena tangazo libandikwe ubaoni mapema. Ninamheshimu kwa hilo. Mkubwa anayekataa kuamua kisicho chake ni nadra, na pengine angeshangiliwa zaidi kama angelivunja boma siku hiyohiyo.

Kiboko alisema hawatatimia. Walitimia kabla ya umande kukauka, wakajaa hadi nje ya kivuli cha mkuyu. Mamba akapewa nafasi ya kueleza, akaahidi gati, akaahidi ajira. Mama Swala akaeleza ya mwanawe. Hakulia. Alitaja siku, saa na mahali, akaketi. Walipoulizwa, wanaokubali wanyooshe mkono, mikono minne ilinyooka: Fisi na wajumbe wenzake watatu. Wanaokataa walikuwa umati.

Kiboko akaagiza daftari lipitishwe, maana jua linakuwa kali.

"Jua tumelizoea, Mheshimiwa," akasema Mama Swala. "Tusomewe kwanza kilichoandikwa, ndipo tutie kwato."

Bibi Pimbi akaongeza ombi lake: kila ukurasa wa daftari uandikwe juu tarehe, na neno mahudhurio, ili usije ukabanwa nyuma ya karatasi nyingine. Likakubaliwa. Mnandi akasimama kusoma. Aliposema mkutano mkuu, kwa kauli moja, umekataa ombi la Bwana Mamba, umati ulishangilia na baadhi wakaanza kuinuka.

"Mtendaji, subiri," akasema Bibi Pimbi. "Haikuwa kauli moja. Fisi na wenzake walikubali, na sisi sote tumewaona. Andika hivyo."

Fisi akamtazama, hakusema kitu. Mnandi akakata mstari, akaandika upya: wajumbe wanne walikubali ombi, waliobaki walikataa. Akausoma tena kwa sauti, na daftari likaanza kupita.