Indiketa za Sekenke

Ukitaka kuwajua madereva wa nchi hii, usihangaike kuizunguka. Kaa Misigiri, pale barabara ya Kiomboi inapochepuka kutoka barabara kuu ya Singida–Nzega, agiza chai, usubiri. Watakuja wenyewe. Semi zilizopakia bandarini Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Kongo zinapita hapa. Mabasi ya Mwanza yanapita hapa. Na mbele yao wote kuna mteremko wa Mlima Sekenke kushukia Shelui, usiojali cheo cha mtu.

Dereva wa basi utamsikia kabla hujamwona. Sheria imempa kilomita 80 kwa saa, na kifaa cha LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini, kinapiga kelele akizidisha. Wapo waliokizoea kama redio. Abiria akiuliza kinacholia, kondakta anamwambia ni simu ya mtu. Shangingi la serikali nalo linapita taa zikiwaka mchana kweupe, linawahi kikao ambacho, tunavyojua sote, kitachelewa kuanza. Halafu kuna IT, magari yanayovushwa kwenda nchi jirani. Mwenye gari yuko Kigali, hata rangi yake hajaiona. Dereva amelipwa kwa safari wala si kwa saa. Hapo usimwambie mtu habari za kupunguza mwendo.

Wa kuhurumiwa ni sisi abiria wa mchomoko, yale magari madogo ya kubanana. Mara ya mwisho nilibanwa mbele na jamaa mmoja mnene, lever ya gia ikiwa katikati ya magoti yangu. Kila alipobadili gia, dereva alisema, "Samahani mzee," na kwenye Sekenke gia zinabadilishwa sana.

Mbele yetu semi ilikuwa inateremka taratibu, indiketa ya kushoto ikiwaka. Sasa, lugha ya barabarani hiyo hufundishwi darasani: wa mbele akiwasha kushoto anakwambia njia nyeupe, pita, akiwasha kulia, tulia nyuma, kuna kitu kinakuja. Shida ni kwamba kushoto huwashwa pia na anayetaka kuegesha, na asiyekumbuka kuizima.

"Katuruhusu," dereva wetu akasema.

"Huyo anaegesha, breki zimepata moto," akajibu mtu wa nyuma.

"Hiyo taa inawaka toka Misigiri!" akadakia wa tatu.

Mjadala ukapamba moto. Mama mmoja mwenye tenga la kuku akatoa hoja yenye uzito kuliko zote: "Baba, mimi na kuku wangu hatuna haraka."

Dereva akasema samahani mzee, akachomoka. Basi hilo hapo, uso kwa uso, linapanda. Alirudi nyuma ya semi kwa namna ambayo sijaielewa mpaka leo, jamaa mnene akawa amekaa juu yangu, na kuku wakasema yale ambayo sisi binadamu tulishindwa kuyasema. Kuanzia hapo hakuna aliyejadili kitu. Semi ikafika Shelui, indiketa ya kushoto ingali inawaka, ikanyoosha moja kwa moja kuelekea Igunga.

Pamoja na taa yake ile, kwangu dereva wa siku ni huyo wa semi. Alishuka na gia nzito, kwa kanuni ya wakongwe kwamba gia ya kupandia ndiyo ya kushukia, huku msururu mzima ukimtukana nyuma. Wapo wanaoteremka na gia huru ili kuokoa dizeli. Hao utawakuta chini wakimweleza trafiki kwamba breki zilikataa ghafla.

Nina ombi moja tu, na ni kwa wale wanaoharibikiwa mlimani. Utingo anakata matawi, anayatandaza juu ya lami ili tujue kuna gari bovu, anaweka mawe nyuma ya matairi. Vizuri kabisa. Gari likipona, mnawasha, mnaondoka, na mawe yanabaki katikati ya njia yakisubiri pikipiki ya usiku. Ndugu zangu, matawi tutayakanyaga, hayana neno. Mawe yasogezeni pembeni kabla hamjaenda zenu.