Muulizeni Paka

Fundi cherehani ana visingizio vyake, na wateja wanavijua kwa moyo. Umeme ulikatika. Mtoto aliumwa. Uzi wa rangi hiyo umeadimika mjini. Nilipata msiba nikasafiri. Mimi mwenyewe, katika miaka kumi na minne ya kushona hapa Sokon I, Arusha, nimemzika shangazi yangu yule yule mara tatu, naye yuko hai Babati na kila Krismasi ananipigia simu. Kwa hiyo nilipoanza kuwaambia wateja ukweli, kwamba nguo haijaisha kwa sababu paka kaikwarua, kailalia au kakimbia na bobini, nilistahili kabisa nilichokipata. Walicheka. Dada mmoja wa Muriet alinishika bega kwa huruma akasema, "Fundi, si bora urudi kwenye msiba?"

Lakini ni kweli jamani. Ushahidi ninao mikononi, kuanzia kwenye vidole mpaka kwenye kiwiko.

Chanzo ni panya. Mwezi wa saba mahindi yanavunwa, magunia yanaingia majumbani, na panya nao wanaingia. Baridi inawasukuma pia. Mwezi huo Mlima Meru, mita zake zote 4,566, hujifunika mawingu wiki nzima na kutushushia upepo ambao hata panya hautaki. Chumba changu cha mbele ndiyo ofisi: cherehani ya miguu, meza ya kukatia, na kamba niliyoifunga toka dirishani mpaka mlangoni ya kutundikia nguo zilizokwisha. Nyuma ya pazia ndiyo kitanda chetu mimi na baba watoto. Usiku mmoja panya alipanda akatafuna shati la sare ya shule. Shati lina mgongo, lina mikono, lina mfuko. Angeweza kula popote. Alikula kola, sehemu pekee inayonila nusu saa kuishona.

Najua wapo panya wa maana. Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linawafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia, na mwaka 2020 alivishwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Nishani ya panya! Wa kwangu hawakuwa wa daraja hilo. Walinusa kola.

Sumu niliikataa kwa sababu ya watoto, na kwa sababu ya kuku wa Yeyo. Yeyo ndiye mwenye nyumba wetu, bibi wa Kiarusha aliyevuka sabini, na mtu aliyewahi kugusa kuku wake hakai tena kwenye uwanja huu. Mtego wa waya tuliutega siku mbili ukanasa kidole cha mguu cha baba watoto. Ndipo Yeyo alipokuja jioni moja na kikapu kilichofunikwa kipande cha shuka. Ndani mlikuwa na mtoto wa paka, mweupe mwenye mabaka meusi, uzito wake haufiki kilo ya sukari.

"Huyu hatalala usiku," Yeyo alimsifu. "Atakulindia."

Nikashukuru kwa mikono miwili. Sentensi ile ya kwanza sikuisikiliza vizuri.

Baba watoto ndiye aliyempa jina. Yeye ni Msukuma wa Shinyanga, na kwao ndiko walikoanzia sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanakijiji walipochoka na wezi wa ng'ombe wakaamua kulinda wenyewe. Akamwita paka Sungusungu. Alilitamka jina hilo kwa fahari, akamwonyesha doria itaanzia wapi: kona ya magunia, nyuma ya kabati, chini ya meza ya kukatia. Hakukumbusha, wala mimi sikukumbuka, kwamba sungusungu wale nao kuna mahali walifika hadi wakaogopwa na wale wale waliokuwa wakilindwa nao.

Wiki ya kwanza Sungusungu alilala tu, mchana na usiku, kwenye kapu la mabaki ya vitambaa. Nikaanza kumwonea huruma, nikadhani mgonjwa. Kumbe alikuwa anapima mazingira.

Usiku wa nane, saa sita na ushee, nilisikia mbio. Si mbio za panya. Mbio za ng'ombe wa mnadani. Toka dirishani mpaka mlangoni, geuka, toka mlangoni mpaka dirishani, kisha kimya, kisha kitu kinapanda chandarua chetu. Niliwasha tochi ya simu nikamwona ameshafika juu, amejilaza katikati ya chandarua kama mzee kwenye kiti cha uvivu, na nyayo zake nne za waridi zimetokeza kwenye matundu, zinaning'inia juu ya pua zetu. Palikuwa na utulivu mzuri sana kwa kama dakika mbili. Halafu chandarua kikasema chwaaa, na Sungusungu akashuka usoni kwa baba watoto, kucha zikitangulia.

Chandarua nilikishona. Kazi yangu hiyo, sikulalamika. Kilichonishinda ni bobini.

Kama hujawahi kusikia bobini ya chuma ikiviringishwa kwenye sakafu ya sementi saa tisa usiku, hujui maana ya subira. Inaviringika taratibu, inagonga mguu wa meza, tii, halafu kimya. Unasema, basi, kachoka. Unafumba macho. Inaanza tena. Ukiinuka kumnyang'anya, unamkuta ameketi katikati ya chumba, mkia ameuzungushia miguuni, anakutazama kama wewe ndiye uliyepotea. Bobini huioni. Ukirudi kitandani, tii.

Ukuta wetu na wa jirani ni tofali moja tu, la kuchoma. Jirani ni kijana dereva wa watalii. Siku za safari ya Ngorongoro anaamka alfajiri, na macho yake ndiyo roho za wageni. Alinikuta uani nikifua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Samahani mama, siku hizi mnashona usiku?"

"Hatushoni, baba. Ni paka."

Akafikiri. "Paka anashona?"

Sikuwa na nguvu ya kumfafanulia. Nilimwambia ndiyo.

Kisha ukaja usiku wa uzi. Nilikuwa nimesahau kidonge kizima cha uzi mweusi mezani, mpya, wa poliesta, ule usiokatika hata ukifungia ng'ombe. Sungusungu alikichukua na kuifanya kazi kwa utaratibu ambao mimi sina. Aliuzungusha kwenye mguu wa meza, akaupitisha chini ya kitanda, akauleta kwenye pedali ya cherehani, akaurudisha kwenye kiti, akauvusha mlangoni kwa urefu wa goti, mara tatu. Saa kumi baba watoto aliamka kwenda chooni. Kwanza nilisikia kiti kikitembea. Halafu pasi ikaanguka. Halafu yeye, mwili mzima, na chupa ya chai juu yake; kile kioo cha ndani kikavunjika kwa sauti nzuri kabisa, kama kengele ya kanisa la mbali. Alisema neno moja la Kisukuma ambalo katika miaka kumi na tisa ya ndoa sikuwahi kulisikia, na sitalitafsiri hapa kwa sababu watoto wanasoma.

Asubuhi Yeyo aliniuliza kama tuna majini. Nikamwambia tuna zawadi yake.

Yote hayo ningeyavumilia kama si gauni la send-off. Mnajua send-off: bibi harusi anaagwa kwao, na gauni la siku hiyo linaangaliwa kuliko hata la harusi. Hili lilikuwa la lesi ya rangi ya maziwa, mita tano, mteja kaileta mwenyewe kutoka Dar. Nilimaliza Jumatano usiku, nikalitundika kwenye kamba, nikalala na furaha ya fundi. Alhamisi nilimkuta Sungusungu ndani ya gauni, amepanda kwa ndani mpaka kwenye kifua, amejikunja huko analala, na upande wa kushoto wa sketi una njia yake ya kupandia: vishimo saba, kila kimoja na uzi umevutwa.

Nilikaa chini. Baadaye nikachukua mabaki ya lesi ile ile, nikakata maua saba, nikayashona juu ya vishimo saba. Mteja alikuja Ijumaa. Alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Fundi, mbona maua yako upande mmoja?"

Hapo nilikuwa na ukweli mdomoni, nimeushika tayari. Lakini nilishajua ukweli wangu unapokelewaje mtaani. "Ndiyo fasheni ya sasa hivi," nikamwambia. Akalipa yote, bila kupunguza. Sijui kama ni dhambi, ila ya shangazi ilikuwa kubwa zaidi.

Jumatatu nilimfunga Sungusungu kwenye kikapu kile kile cha Yeyo, tukapanda kifodi mpaka Kilombero, kwa mtaalamu mmoja wa mifugo mwenye duka la dawa karibu na soko. Kifodi kizima kilimsikia. Mtaalamu alimpapasa, akamtazama meno na masikio, akauliza: anakula? Anakula. Anacheza? Nikacheka kicheko kibaya. "Basi mama, paka hana ugonjwa. Wa kutibiwa ni wewe."

Alinieleza mambo ambayo ningependa ningeyajua kabla ya gauni. Paka hulala zaidi ya nusu ya siku, na saa zake za kazi ni magharibi na alfajiri, kwa sababu ndizo saa za mawindo. Babu yake ni paka wa porini, yule tunayemwita kimburu, na watu walianza kuishi naye kule Mashariki ya Kati kama miaka elfu kumi iliyopita, walipoanza kuweka nafaka ghalani na panya wakazifuata. Yaani yale yale ya magunia yangu. Jicho lake linahitaji kama sehemu moja ya sita ya mwanga ninaohitaji mimi. Chumba ninachosema kina giza, kwake taa inawaka. Na mtoto wa paka asiye na mwenzake wa kucheza naye atatafuta mwenzake popote, hata kwenye uso wa mtu aliyelala.

Kuhusu uzi hakucheka. Paka akimeza uzi, alisema, unaweza kunasa tumboni na kukunja utumbo wote kama kitambaa kilichovutwa marinda, na dawa yake ni kisu. Uzi wenye sindano ndiyo usiseme. Marinda! Nilielewa kuliko alivyotarajia, nikapata baridi mgongoni. Siku hiyo hiyo uzi wote, bobini zote na sindano zote zilihamia kwenye kopo la bati la biskuti, kifuniko kimekazwa. Akamchoma pia chanjo ya kichaa cha mbwa, maana paka naye anakipata, na akaniambia akifika miezi sita nimrudishe afungwe kizazi. Nikahesabu miezi kwa vidole pale pale.

Dawa ya usiku ilikuwa hii: asiachwe kulala mchana kutwa; jioni achezeshwe mpaka aheme; baada ya mchezo ndipo apewe chakula, kwa sababu paka huwinda, hula, hujisafisha, halafu hulala. Na akilia alfajiri, asijibiwe. Ukimjibu mara moja umesaini mkataba.

Ndiyo maana sasa, ukipita kwetu saa tatu usiku, utamwona kwenye mwanga wa dirisha baba watoto, mzee wa kanisa, mtu anayehesabu sadaka, akikimbia kuzunguka meza ya kukatia na fimbo iliyofungwa kipande cha kitenge, huku Sungusungu akimrukia visigino. Robo saa. Anasema anafanya kwa ajili ya paka. Halafu dagaa kidogo, na wote wawili wanalala.

Mchana kazi ya kumwamsha ni yangu. Nikimgusa anafungua jicho moja na kunitazama kama mkopeshaji wa kausha damu anayemtazama mdaiwa. Na hiyo ya kutomjibu alfajiri ni ngumu kuliko ilivyosemwa, kwa sababu Sungusungu hatumii sauti. Anakuja kimya, anakaa kifuani, anakugusa usoni kwa mguu mmoja, kucha amezificha, kwa adabu kabisa. Anachagua jicho. Ukivumilia, anahamia jicho la pili.

Nilimweleza Yeyo haya yote tukichambua mchicha uani, nikitegemea pole. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Panya wapo?" aliuliza.

Nikakumbuka kwamba sijawasikia tangu mwezi wa nane. Asubuhi moja nilikuta nusu ya panya juu ya pedali ya cherehani, imewekwa vizuri mahali ninapoweka mguu wa kulia. Nusu nyingine sikuiulizia.

"Hawapo," nikakiri.

"Sasa ulitaka mlinzi anayelala?" Yeyo akarudi kwenye mchicha wake. "Hao wamejaa mjini."

Basi wateja wangu wa Sokon I, Muriet na Sombetini: nguo za Jumamosi ziko tayari, nazo ziko kwenye kamba mpya, juu zaidi. Sare za shule zinaisha Jumatano. Ukikuta unyoya mweupe kwenye pindo, kung'uta tu. Na Jumatano ukija ukaambiwa bado, usinisingizie mimi. Shangazi mzima wa afya, umeme upo, na paka huyo hapo, juu ya suruali yako.