Nazisifu Ampia 30

Dirishani mwa ofisi ya kambi tulipewa vitu vitatu: ramani, kibandiko cha kioo cha mbele, na karatasi ya kanuni za umeme iliyochapwa pande mbili kwa herufi ndogo kama zile za ndani ya boksi la dawa. Ramani nimeshaipoteza. Karatasi ninayo, na leo nasimama kuisifu, kwa kuwa kwa siku nne za Julai ukingoni mwa Ziwa Erie, Ohio, iliniadabisha kuliko walimu wangu wote wa shule ya msingi.

Kwa msomaji ambaye hajajaaliwa: Wamarekani wana magari yaliyojengwa kama nyumba, yenye vitanda, choo, jiko na kiyoyozi juu ya paa. Huyaendesha mamia ya maili kwenda kupumzika porini, na wakishafika huko porini jambo la kwanza ni kutafuta pa kuchomeka. Kando ya kila eneo la kuegesha kuna kijiguzo kinachofika kiunoni, chenye soketi na breka. Umeme wake wenyewe huuita umeme wa pwani, jina lililotoka kwenye meli zinazofunga gatini. Mimi mtu wa Tanga nilifurahi kusikia kwamba pwani imefika mpaka huku.

Gari letu la kukodi lilikuwa la ampia 30. Yapo pia ya ampia 50, na hapo hesabu ya shule haikusaidii. Soketi ya 30 ina matundu matatu na hutoa volti 120, yaani wati 3,600. Ile ya 50 ina matundu manne na njia mbili za volti 120, kila njia ampia 50, jumla wati 12,000. Kwa hiyo jirani wa 50 hajakuzidi kwa 20, amekuzidi zaidi ya mara tatu, na kibaraza chake kina taa za rangi.

Fadhila ndogondogo za kanuni hizi nazipitia mbio. Zinajenga mwili, maana breka ikiruka usiku lazima utoke nje, mvua iwepo isiwepo. Zinaongeza imani: hakuna anayeshika waya mnene namna ile, kandambili kwenye umande, bila kusoma dua. Na zinafundisha subira, kwa kuwa ekstensheni haziruhusiwi na kijiguzo hakisogei.

Fadhila kuu, ambayo nadhani wanazuoni wa siasa hawajaigusa, ni kuleta Bunge ndani ya familia. Tulikuwa watano: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka kumi na mitano, mdogo wake, na mama mkwe aliyetoka Korogwe kututembelea. (Mila zinamtaka mtu na mama mkwe wake waheshimiane kwa umbali. Ndani ya gari la futi 28, umbali ulikuwa pazia.) Bajeti ya taifa ilikuwa ampia 30. Kiyoyozi kinakula kama 13, hita ya maji 12. Zinabaki tano za kugawana friji, taa na simu. Birika la umeme linataka 12 na nusu, na mashine ya binti ya kukaushia nywele inataka kiasi hichohicho. Hapo hakuna tena baba mwenye nyumba, kuna hoja tu.

Mama mkwe akawa Spika bila kupigiwa kura. Asubuhi ya siku ya pili Serikali, yaani mimi, iliwasilisha Muswada wa Chai. Ukasomwa mara ya kwanza bila tatizo. Mara ya pili binti akashika shilingi: birika halipiti mpaka Waziri aeleze kwa nini nywele hazimo kwenye mpango wa maendeleo. Mke wangu, Wizara ya Afya, akataka hita isiguswe kwa sababu mtoto hajaoga tangu Cleveland. Mtoto mwenyewe akaomba mwongozo wa Spika kuhusu tableti yake. Kamati ikakaa. Makadirio yakapitiwa kifungu kwa kifungu: hita na kiyoyozi vizimwe, birika lichemke, birika lizimwe, nywele zikaushwe, hita irudi, kiyoyozi kifuate. "Wanaosema ndiyo?" akauliza mama. Tukaitikia. "Wanaosema siyo?" Binti peke yake. "Nafikiri waliosema ndiyo wameshinda." Chai ikanywewa saa tatu.

Na mama hakuhitaji kusomewa karatasi. Mtu aliyepita mgao wa 2006 na ule wa 2011 hafundishwi adabu ya umeme. "Umeme wa kupimiwa ni mgeni, mkwe wangu," aliniambia akikunja miguu kitini. "Humtwishi kazi zote siku moja."

Nilikusudia kuendelea na madaha haya mpaka mwisho wa ukurasa, lakini kuna tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Wamarekani.

Siku hiyo kambi ilijaa na jua lilikuwa la kuanikia samaki. Tulizima kila kitu, tukabakiza kiyoyozi. Kipimo kidogo tulichochomeka ukutani kilisema volti 118 asubuhi, 109 adhuhuri, 103 saa tisa alasiri. Volti zikishuka kiasi hicho, mota ya kiyoyozi hulazimika kuvuta ampia zaidi, inahema, inachemka, mwisho breka inaruka. Iliruka mara tatu. Mara ya tatu alikuja msimamizi wa kambi na kigari chake cha gofu, mzee mstaafu anayekaa pale bure kwa malipo ya kutuchunga. Aliuliza tunatumia nini humo ndani. Nikamwambia kiyoyozi kimoja. Akanusa. Ilikuwa iliki ya chai ya asubuhi, na niliona usoni mwake kwamba ushahidi umepatikana. Akanionyesha kanuni ya sita: mgeni asizidishe matumizi.

Nikaenda ofisini kwa miguu. Humo ndani kulikuwa na baridi ya kuhitaji sweta. Friza la kuuzia barafu lilikuwa linanguruma kwa afya njema, na kwenye rafu walikuwa wanauza kifaa cha kukinga gari lako dhidi ya umeme mdogo, yaani umeme wao.

Jioni nikampigia rafiki yangu, fundi umeme wa Moshi anayefanya kazi Ohio. Akacheka, kisha akanieleza ibara ya 551 ya Kanuni ya Taifa ya Umeme ya Marekani. Mjenzi akipiga hesabu ya njia kuu ya kulisha kambi, eneo likiwa moja huhesabu mzigo wake wote. Yakiwa mawili huhesabu asilimia 90. Yakifika 36 na kuendelea, asilimia 41 inatosha, kwa kuwa inadhaniwa watu hawawashi vyote kwa wakati mmoja. Mpishi wa harusi ya Tanga akipikia 41 kati ya 100 walioalikwa, atatoroka kwa mlango wa uani. Nacho hicho ni kima cha chini tu. Hakuna aliyemkataza mwenye kambi kuweka waya mnene zaidi, na anajua tangu Januari kwamba Julai ina tarehe nne.

Usiku ule niliisoma tena karatasi kwa tochi ya simu. Kanuni kumi na tisa. Mgeni azime breka kabla ya kuchomeka. Mgeni asichomeke soketi mbili kwa pamoja. Mgeni asichaji gari la umeme. Mgeni atawajibika. Kambi haitawajibika. Waya uliofukiwa chini ya miguu yetu haukutajwa popote.

Siku ya kuondoka mama mkwe alizima breka mwenyewe, akachomoa plagi, akakunja waya vizuri kuliko nilivyoukuta. Kisha akaniomba ile karatasi.

"Nikawasomee Korogwe," alisema. "Wanadhani mgao ni wetu peke yetu."

Nikarudi dirishani kuomba nakala nyingine. Wakanitoza dola moja.