Wati Elfu Moja Barazani

Mwanangu, ambaye riziki yake ni kuchora majengo kwa kompyuta, alinunua Kariakoo pawa saplai iliyoandikwa ubavuni, kwa herufi za rangi ya dhahabu na kwa takaburi isiyo kiasi, kwamba ina wati 1000. Na maadamu katika nyumba yetu kila jambo lenye shaka, kuanzia samaki wa jioni hadi barua za posa, huletwa mbele yangu, nilitakiwa niikague kabla haijakabidhiwa kadi ya picha yenye thamani ya ng'ombe wawili wa maziwa.

Uzito ulianza kuishuhudia vibaya. Pawa saplai ya nguvu nyingi aghalabu ni nzito, kwa sababu tumbo lake limejaa koili, kapasita na mabapa ya alumini ya kutawanya joto, ilhali hii mjukuu wangu aliibeba kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukishika andazi. Kisha nikasoma kibandiko. Nishani ya 80 PLUS niliipita bila ya salamu, kwani hata ikiwa halali husema umeme unapotea kidogo, haisemi unatoka mwingi. Nilitafuta njia ya volti 12, ambayo ndiyo inayolisha takriban kompyuta yote ya siku hizi, na ambayo kwa wati 1000 ingehitaji ampea 83 hivi. Pale paliandikwa ampea 38, yaani wati 456, na zilizosalia zilidaiwa kukaa katika volti 5 na volti 3.3, kwa hisabati ambayo mrithi yeyote angeipeleka kwa kadhi.

"Mzee, kibandiko hakiwashi mashine," alisema fundi wetu. "Tuipe lodi tuone."

Alipanga barazani globu 18 za taa za gari, za wati 55 kila moja, akaunga waya wa kijani na mweusi katika plagi kubwa ili pawa saplai isadiki kwamba kompyuta imeiita. Zote kwa pamoja zilikataa kuwaka. Lakini kwa hilo haki haikuturuhusu kuilaumu, maana uzi wa globu ukiwa baridi huvuta umeme mara nyingi kuliko ukisha pata moto, na hata pawa saplai ya kweli ingaliweza kujizima. Basi tukaziwasha moja baada ya moja, na kwa kuwa magharibi ilikwisha ingia, baraza likapata nuru ambayo mtaa haukuiona tangu arusi ya mwisho, wakaja watoto, wakaja na wanawake waliojitanda kanga mpya, na mzee mmoja aliyetoka msikitini akachagua nafasi iliyo karibu na mlango wa jikoni, akaniuliza kwa adabu bwana arusi ni nani.

Nilikuwa bado natafuta jawabu lisilomvunja moyo ilipowashwa globu ya tisa. Ulisikika mlio mkavu, ukafuata moshi, kisha giza la nyumba nzima. Mzee hakuondoka, alisema biriani huiva hata gizani.

Asubuhi tuliirudisha dukani. Muuzaji aliinusa, akatikisa kichwa kwa huruma, akatueleza kwamba kosa letu ni kununua ndogo, akashusha kutoka rafu ya juu nyingine ya wati 1600, akaipuliza vumbi, nayo ikasogea.